Milango miwili, gari moja

Leo tumekataa kochi, na mama aliyetaka kulitoa ameumia. Alikuwa amelifuta vumbi mwenyewe, akalisogeza hadi karibu na mlango ili tusipate shida, halafu sisi tukainua mito, tukamulika tochi kwenye mishono na kumwambia hatutaweza kulipakia. "Si mnawapelekea watu wasio na kitu?" akauliza. "Sasa asiye na kitu anachagua nini?"

Sina neno baya juu yake. Alitoa kwa moyo mweupe. Ila swali hilo nimeulizwa kwa namna nyingi tangu nianze kuendesha gari la shirika linalokusanya samani kwa wanaozitoa na kuzifikisha kwa wanaozihitaji, na kila mara naulizwa nikiwa mlangoni, utingo amesimama nyuma yangu na gari limeziba njia. Acha nilijibu hapa kwa utulivu.

Tuanze na kunguni. Wengi hudhani ni mdudu wa godoro tu, kumbe kochi linamfaa vilevile. Hujificha kwenye mishono, kwenye matundu ya skrubu, na hasa chini kabisa, pale kile kitambaa chepesi kinapobanwa kwa pini kwenye mbao. Ndiyo maana huwa tunalilaza kochi chali kabla ya kusema lolote. Tunatafuta madoa madogo meusi ya kinyesi chao, magamba waliyojivua na mayai meupe. Kunguni aliyekomaa anaweza kukaa miezi bila kunyonya damu, kwa hiyo kuambiwa kwamba kochi limekaa stoo muda mrefu hakutupi uhakika wowote. Na akishaingia kwenye gari hatulii mahali pamoja. Anahamia kwenye mablanketi tunayofungia vioo, anaingia kwenye godoro la mtoto lililosimamishwa pembeni, na kabla ya jioni ameshagawiwa nyumba kadhaa. Mtu aliyepata chumba juzi baada ya kulala nje kwa muda mrefu atamwondoaje? Mara nyingi ataishia kutupa hata kile kidogo alichokuwa nacho.

Baada ya wadudu, mbao. Kuna kipimo ambacho kila dereva wa kazi hii anakijua: shika mguu mmoja wa mbele wa kochi, unyanyue kidogo. Mguu wa pili wa mbele ukifuata haraka, fremu ni nzima. Ukibaki chini huku kochi likijikunja, ndani mna mbao iliyovunjika au maungio yaliyoachia, hata kama kitambaa kinang'aa. Kwenye kabati navuta droo zote, maana droo isiyorudi vizuri leo, kesho haitafunguka kabisa.

Halafu kuna moto, na hapa sheria za nchi zinatofautiana. Uingereza, kwa mfano, ina kanuni za mwaka 1988 kuhusu usalama wa samani dhidi ya moto, na mashirika ya hisani kule hukagua lebo iliyoshonwa kwenye kochi kabla ya kulichukua. Likikosa lebo hiyo, linaachwa, hata liwe zuri namna gani. Watu hulalamika sana kuhusu hiyo lebo, lakini ina historia nzito. Mei 1979 duka la Woolworths mjini Manchester liliungua na watu 10 wakafa. Moto ulianzia kwenye samani za sponji ya poliyurethani zilizokuwa dukani. Sponji hiyo ikishika moto inawaka upesi mno na kutoa moshi wenye sumu, na moshi huo humwahi mtu kabla ya miali. Nikiinua mto kutafuta lebo, ninamfikiria mtoto atakayelala kwenye kochi hilo usiku kwa kuwa vitanda havikutosha.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza kwa yule mama ni kwamba tunakagua kwa niaba ya mtu ambaye hayupo pale kujitetea. Mimi nasimama kwenye milango miwili siku hiyohiyo. Mtoaji hauoni mlango wa pili, na mpokeaji hauoni wa kwanza.

Ila kuna jibu la pili, na hilo ndilo lililonikaa rohoni leo mchana.

Tulikuwa na meza ya kulia, viti, kitanda cha mtu mmoja na kabati la droo, vyote vya dada mmoja aliyehamia na mtoto wake kwenye nyumba tupu kabisa. Nyumba isiyo na samani unaijua kwa sauti, kila hatua inarudi masikioni. Tukaweka meza katikati ya chumba, kwa mazoea. Akaitazama, akasema, "Samahani kaka, naweza kuomba iwe karibu na dirisha?" Tukaisogeza. Akakaa kwenye kiti, akainuka, akasema hapana, pale jua litampiga mtoto machoni akisoma, afadhali ukutani. Akaanza kuomba radhi kwa kutusumbua. Utingo wangu, kijana asiye na maneno mengi, akamwambia, "Dada, sema tu unapotaka. Ni nyumba yako." Tukaisogeza tena, na tena. Mwishoni ikakaa ukutani, na yule dada akaanza kupanga viti kwa sauti iliyobadilika kabisa, akituelekeza moja kwa moja bila samahani hata moja.

Mimi naamini hiyo ndiyo kazi yenyewe. Wengi tunaowapelekea vitu wametoka mahali ambapo wengine waliwaamulia kila kitu: kambi, gereza, hosteli ya dharura, au nyumba yenye mume wa kupiga. Wamelala walipoambiwa walale. Siku samani zinapofika, huenda ndiyo siku ya kwanza mtu anaamua meza ikae wapi. Akisema kabati ni kubwa mno kwa chumba chake, tunalirudisha garini bila kununa. Nimewahi kusikia watu wakiita hilo ukosefu wa shukrani, na linaniudhi kweli. Mwenye pesa akirudisha kabati dukani anaonekana anajua anachotaka. Kwa nini maskini akifanya vilevile aonekane mjeuri?

Kabla ya kuondoka tulilifunga kabati la droo ukutani. Hili silipuuzi kamwe. Mtoto akivuta droo kadhaa na kuzipanda, kabati lote linamwangukia. Mwaka 2016 kampuni ya IKEA ilitangaza nchini Marekani kurudishwa kwa makabati ya droo takriban milioni 29 baada ya watoto kufa kwa namna hiyo. Kabati lililotolewa msaada huja bila vifungo vyake vya ukutani karibu kila mara, kwa sababu aliyelitoa alikwishayatupa hayo makorokoro zamani. Kwa hiyo sanduku langu la vifaa lina vibati vya pembe, skrubu na vile viplastiki vya kushikia skrubu ukutani, na mpokeaji akikubali, nafunga mwenyewe.

Vivyo hivyo kwa vitanda. Kitanda hakipiti kwenye ngazi kikiwa kizima, lazima kifunguliwe kwa mtoaji, na bolti zisipohifadhiwa palepale kinafika kikiwa mbao tu. Sisi tunazitia kwenye mfuko, tunaufunga kwa utepe kwenye ubao wa kichwani, na chaga tunazifunga pamoja kwa kamba. Familia inayongojea kitanda haina spana wala bolti za akiba.

Kuhusu kubeba kwenyewe sina mengi. Kizito kinatangulia ndani kabisa na kufungwa mkanda, magodoro yanasimama, vioo vinavishwa blanketi. Ngazini aliye chini ndiye anayetoa amri, maana ndiye anayebeba uzito mkubwa na ndiye asiyeona mbele. Mgongo ukiuma, kesho yake haubebi.

Narudi kwa watoaji, kwa sababu wao nao nawajali. Sehemu kubwa ya tunachobeba hutoka kwenye nyumba zenye msiba. Watoto wanahamisha vitu vya mama yao, au mzee amebaki peke yake na anahamia mahali padogo. Ratiba inatupa dakika chache kwa kila nyumba, kana kwamba meza ni meza tu. Wiki hii mzee mmoja alishika ukingo wa meza yake, akatuonyesha alama za kalamu walizoacha wanawe wakifanya kazi za shule, akatuuliza kama huko iendako kuna watoto. Nikamwambia, ndiyo mzee, wapo. Akasema, "Basi msizifute." Tulichelewa nyumba iliyofuata, na nilipigiwa simu kuulizwa niko wapi. Ningechelewa tena.

Mpaka sasa sijaona sababu ya mama kama wa leo kuaibishwa mlangoni kwake. Anapopiga simu aombwe picha: kochi lote kwa mbele, upande wa chini, lebo kama ipo, na mahali popote palipochanika. Aulizwe kuhusu ngazi na lifti. Likiwa halifai aelezwe sababu mapema, na aelekezwe pa kulipeleka, ili asipoteze asubuhi nzima akilipangusa. Na picha za vinavyofaa zitumwe kwa wapokeaji kabla hatujapakia, wachague wakiwa na vipimo vya vyumba vyao. Jumatatu nitampelekea mratibu mapendekezo haya, pamoja na ombi la kuongezewa muda kwenye nyumba za msiba.