Siku moja karakanani: kufunga droo mbili nyuma ya Land Cruiser VX, Kizota, Dodoma

Saa 1:00 asubuhi

Kazi ya leo ni Land Cruiser VX, ile ya mfululizo wa 100, gari la vijijini: wiki hii Kondoa, wiki ijayo Mpwapwa. Lami ikiisha ni vumbi na mawimbi ya barabara mpaka jioni. Dereva anataka droo mbili nyuma, ndani ya sanduku moja la plaiwudi. Moja ni ya spana, kamba na vifaa vya pancha, nyingine ya vyombo na chakula.

Siti za nyuma kabisa zimeshatolewa. Kapeti nalo linavuliwa kabla sijashika tepu. Anayefunga sanduku juu ya kapeti anafunga juu ya sponji: siku ya kwanza bolti zinaonekana zimekaza, lakini baada ya safari moja ya vumbi sponji imelala, sanduku limeshuka milimita tatu nne, na bolti hazishiki kitu tena.

Upana kati ya matao ya magurudumu unapimwa mbele, katikati na nyuma, kisha unachukuliwa ule mdogo kuliko yote na kutolewa milimita 20. Hapa sanduku linakuwa na upana wa milimita 1,000 na kina cha 900. Kabla ya kukubali kina hicho, namwambia dereva alaze mgongo wa siti ya katikati kama abiria wake wanavyopenda kukaa, maana sanduku likishafungwa siti hairudi nyuma tena. Vilevile naangalia jeki inakaa wapi. Sanduku likiziba kifuniko cha jeki, siku ya pancha itabidi lifunguliwe lote kwanza. VX hii ina mlango wa nyuma wa vipande viwili, kwa hiyo kile cha chini kinashushwa na droo inapimwa ipite juu yake ikiwa na nafasi ya milimita 10 angalau.

Saa 2:15

Sasa naingia chini ya gari na taa. Sehemu hii mteja haioni, na ndiyo inayoamua kama droo ni msaada au ni hatari.

Sanduku likijaa, tuseme lina kilo 150. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ndani ya sentimita 60, mzigo wa nyuma unasukuma mbele kwa nguvu ya wastani ya mara 16 ya uzito wake. Kilo 150 zinasukuma kama tani 2.4, na mbele yake kuna migongo ya watu watatu. Nimeona masanduku mazuri, yamepakwa vanishi inayong'aa, yameshikwa sakafuni kwa skrubu sita za bati. Hayo hayajafungwa.

Natumia bolti nne za milimita 8 zenye namba 8.8 iliyogongwa kichwani (ndiyo daraja la nguvu yake), zile za spana namba 13. Bolti zenyewe zina nguvu ya kutosha. Kinachoshindwa ni bati la sakafu. Ni jembamba, na washa ndogo inapita ndani yake kama kidole kwenye karatasi. Kwa hiyo pa kuanzia ni matundu ya kiwandani ya siti zilizotolewa, kwa sababu yameimarishwa kwa chini. Uzi wake unapimwa kwa bolti ya zamani ya siti, si kwa kukisia. Mawili ya mbele yanaangukia ndani ya sanduku, tunayatumia. Ya nyuma hayaangukii, basi tunatoboa matundu mapya mawili, na chini ya kila moja kinakaa kipande cha bati zito cha milimita 60 kwa 60, unene milimita 3.

Kabla ya kutoboa, mkono unapita chini ya sehemu hiyo: tangi la mafuta, mirija ya mafuta, mirija ya breki, nyaya. Kukiwa na tangi, tundu linahamishwa. Hakuna mjadala hapo, hata kama mchoro unaharibika. Keekee inavalishwa kipande cha mbao kilichotobolewa, ibakishe ncha ya milimita 5 tu, ili ikipenya isiendelee kuzama. Ukingo wa tundu unapigwa tupa, kisha rangi ya kuzuia kutu. Tundu lisilopakwa rangi linaanza kula bati masika ya kwanza, na chini ya kapeti huoni mpaka bolti icheze.

Saa 3:45

Kukata. Shiti ya plaiwudi ni milimita 1,220 kwa 2,440, na kwa sanduku hili zinatosha mbili: moja ya unene wa 15 kwa kasha, moja ya 12 kwa droo. Watu wengi wanaagiza 18 kote kwa kudhani unene ndio uimara. Shiti moja ya 18 ina kilo 30 na zaidi, na kila kilo ya mbao ni kilo ya mzigo isiyobebwa.

Kwenye shiti ya 15, mfuniko na sakafu (kila kimoja 1,000 kwa 900) vinalazwa kwa kufuatana, ule upande wa 1,000 ukifuata urefu wa shiti. Pembeni unabaki mkanda wa 320 kwa 2,000, unatoa kuta mbili za 900 kwa 273. Mwishoni panabaki 440 kwa 1,220, na hapo unatoka ukuta wa katikati. Ukizigeuza zile mbili za kwanza, ukuta wa tatu haupatikani na utanunua shiti nyingine. Ile ya 12 inatoa vilivyobaki vyote, pamoja na mgongo wa sanduku na nyuso za droo.

Upana wa droo ni hesabu, haukisiwi. Toa kuta tatu za 15 kwenye 1,000, unabaki na 955. Gawa kwa mbili, kila nafasi ya droo ni 477.5. Reli nzito tunazofunga, vile vyuma vya goroli ambavyo droo inatelezea, zinataka milimita 19 kila upande, yaani 38. Droo kwa nje inakuwa 439. Reli nyepesi za kabati la jikoni zinataka milimita 12.7 kila upande, na ndiyo maana mtu akinunua reli baada ya kukata mbao anajikuta na droo isiyoingia. Reli kwanza, msumeno baadaye.

Saa 5:00

Kuunga. Gundi nyeupe ya mbao pamoja na skrubu namba 8 za inchi 2, saba kwa kila ukingo wa 900. Kila skrubu inatanguliwa na tundu la milimita 3, la sivyo plaiwudi inafunguka matabaka ukingoni. Hewa ya Dodoma inakausha gundi upesi, kwa hiyo inapakwa ukingo mmoja mmoja.

Kabla gundi haijashika, tepu inapita pembe kwa pembe juu ya mfuniko. Zote mbili zisome 1,345. Zikitofautiana zaidi ya milimita 1, sanduku limepinda, na hakuna reli itakayolinyoosha.

Saa 7:00 mchana

Ugali na mlenda, gundi ikijishika.

Wakati huu ndipo maswali yanakuja: kwa nini nisinunue iliyokwisha tengenezwa? Zipo, nzuri sana, kutoka Australia na Afrika Kusini, za chuma au alumini, zikiwa na vishikio vilivyopimwa kwa gari husika. Anayezitaka ahakikishe seti ni ya mfululizo wa gari lake na mlango wake wa nyuma, maana kuna VX za milango inayofunguka pembeni pia. Za mtumba zikaguliwe reli kwanza: vuta droo mpaka mwisho, ishike kwa mikono miwili, itikise juu na chini. Ikicheza sana, goroli zimeliwa. Mbao inashinda pale vipimo vinapokuwa vya ajabu, na pale gari linapokuwa mbali na duka la vipuri, kwa sababu kila fundi seremala wa wilayani anaweza kuitengeneza.

Saa 8:00

Reli. Hizi ni za milimita 800, zenye kufuli mbili: droo ikiingia inashikwa, ikitoka yote inashikwa. Kufuli ya pili ni ya lazima. Gari likiegeshwa mteremkoni, droo yenye kilo 60 inarudi yenyewe, na vidole vya mtu viko njiani.

Nakata vipande viwili vya mbao vyenye kimo kimoja na kuvisimamisha sakafuni mwa sanduku. Reli inakaa juu yake wakati wa kuweka alama. Hivyo mbele na nyuma zinalingana bila kupima kila mara. Reli zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 1, droo inaanza vizuri na kugoma katikati, na mtu atalaumu goroli bure.

Tatizo kubwa liko ukuta wa katikati, kwa sababu reli zinakaa pande zote mbili za ubao wa 15. Bolti ikipita upande wa pili inagonga reli ya jirani. Tunatumia nati za meno za milimita 6, zile zinazong'ata mbao, zinachongewa zilale sawa na uso wa mbao, na matundu ya upande mmoja yanasogezwa milimita 20 yasikutane na ya upande mwingine. Bolti ni za kichwa bapa, urefu 16. Za 20 zinachomoza.

Skrubu za mbao kwenye reli hazitoshi kwa barabara zetu. Rasta za lami zinazilegeza, na mawimbi ya vumbi yanazimalizia. Bolti na nati, pamoja na gundi ya kufungia uzi.

Na grisi? Hapana. Grisi inakamata vumbi, vumbi na grisi vinakuwa msasa, goroli zinakwisha. Reli inapulizwa kwa kompresa, basi.

Saa 10:00 jioni

Majaribio. Sanduku linaingia garini, bolti nne zinashikizwa. Mfuko mmoja wa saruji, kilo 50, unawekwa kwenye droo ya kulia na droo inavutwa mpaka kufuli. Naangalia mwisho wa sanduku ulio karibu na siti: usinyanyuke hata kidogo. Droo iliyotoka yote ni mtaimbo, na bolti za ndani kabisa, karibu na siti, ndizo zinazoizuia.

Dereva anauliza, "Fundi, mtungi mdogo wa gesi si unaingia humu?" Unaingia, ila haukai humo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa; ikivuja inatulia chini ndani ya droo, na waya mmoja wenye cheche unatosha. Mtungi na madumu ya petroli vikae nje.

Saa 11:30

Sanduku limetolewa tena, linapigwa vanishi mkono wa kwanza, kingo zikipakwa mara mbili maana ndizo zinazonywa maji. Kesho ni mkono wa pili, kapeti juu ya mfuniko, mpira wa kuzuia vumbi kuzunguka nyuso za droo, kisha bolti zinakazwa kwa Nm 25 (kipimo cha nguvu ya kukaza) kwa spana ya kipimo. Kila kichwa cha bolti kitachorewa mstari wa rangi unaovuka kwenda kwenye mbao. Safari ya kwanza ikiisha, dereva afungue droo aangalie: mstari ukiwa umekatika, bolti imezunguka, na ikazwe kabla ya kupakia tena.