Nembo ya Activision kwenye Atari 2600: herufi zimekubali kukaa

Siku ya kumi leo nahangaika na neno moja. Sitengenezi gemu. Nataka tu ACTIVISION, jina la kampuni ya gemu, lisimame chini ya skrini ya Atari 2600, mashine ya zamani ya gemu za televisheni, kwa kodi (maagizo ya programu) niliyoandika mwenyewe, kama lilivyokuwa kwenye gemu zao za mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kuchora kulikuwa rahisi. Nafasi ni pikseli 48, herufi kumi. Bahati nzuri I ziko tatu, na kila moja inakula pikseli moja tu. Zile saba nyingine nikazipa tano tano. Ukiweka na mianya tisa, jumla 47. Imebaki moja!

Shida ni mashine. Ina RAM ya baiti 128 na haina mahali pa kuhifadhi picha, kwa hiyo programu inachora mstari huku mwali wa televisheni, unaochora skrini mstari kwa mstari, ukipita. Vinyago (vipicha vinavyochorwa na mashine yenyewe) ni viwili tu, kila kimoja upana wa pikseli nane. Ujanja, ndio huo huo unaoonyesha alama za mchezaji, ni kukirudia kila kimoja mara tatu, kuvipishanisha, kisha kubadilisha picha katikati ya mstari kabla mwali haujafika. Mstari mzima una mizunguko 76 ya prosesa, na mzunguko mmoja ni pikseli tatu. Ukichelewa kidogo, umeharibu.

Nami nikaharibu. Juzi mistari ya juu ilitoka safi, ya chini herufi zikawa zinalana. Nilikagua michoro usiku kucha, kumbe haina kosa. Nilikuwa nimeongeza data juu ya kodi, kitanzi (sehemu ya kodi inayojirudia kila mstari) kikasukumwa hadi kikavuka mpaka wa baiti 256 kwenye kumbukumbu. Kuruka mpaka huo huongeza mzunguko mmoja, basi 76 ikawa 77 na kila mstari ukazidi kuchelewa. Nimekisogeza kitanzi, neno limetulia.

Inanifurahisha kwamba Activision ilianzishwa mwaka 1979 na watu wakiwemo waandishi wa gemu waliotoka Atari, waliochoka kufanya kazi bila kutajwa majina.

Kesho naanza kuviringisha, yaani kufanya maandishi yapande na kupisha mengine. Kwenye Pitfall! ya 1982, maandishi ya hakimiliki na nembo hupokezana mahali pale pale, na gemu nzima ni kilobaiti 4. Vielekezi sita (anwani za vipande vya picha) vitanila baiti 12 za RAM.