Kamshafti niliyoinunua kwa simu

Hii ni 2013, bado nakaa Nyakato, Mwanza, ndo nimerithi ile Datsun 160J ya baba mdogo, SSS, injini L16 ya kabureta mbili, rangi ya chungwa iliyofubaa kwenye boneti. Vijana wa mtaani walikuwa hawaijui ila wazee wakiiona tu wanaanza stori za Safari Rally, Shekhar Mehta alivyobeba mara nne mfululizo na Datsun, 1979 mpaka 1982, na mi kichwa kinavimba utadhani nilikuwa nimekaa pembeni yake.

Shida ikaanza na mlio, tak tak tak juu ya injini, kila wiki unazidi. Nikaipeleka Mabatini kwa mzee mmoja fundi wa zamani, hizi gari za kompyuta alikuwa hataki hata kuzisogelea. Akafungua kava ya juu, akapitisha kidole kwenye kamshafti, ile shafti yenye nundu zinazofungua valvu, halafu akanishika mkono nipitishe na mimi. Nundu moja imelika mpaka imekuwa tambarare kama kisigino cha ndala. Kumbe kale kabomba ka kumwagia oili juu ya nundu kameachia kwenye kiungo, oili inavujia hapo, nundu zingine zinakunywa na hiyo moja inajikausha yenyewe.

"Ngosha, hii imekwisha. Tafuta nyingine."

Spea ya Datsun ya miaka ya sabini Mwanza! Nilizunguka maduka yote ninayoyajua, wengine wananiuliza kama nina uhakika sio Nissan Sunny. Mwisho nikapewa namba ya jamaa wa Nairobi anayechonga kamshafti za mashindano, nikampigia, akaniambia subiri, akaenda kuwasha gari yake akaweka simu karibu na ekzosi. Aisee. Lile dundo, du-du-dum, du-du-dum, kama injini inacheza ngoma. Sikuuliza kitu kingine, nikatuma laki tatu na nusu siku hiyohiyo, mzigo ukaja na basi kupitia Sirari.

Siku naupeleka gereji nikamkuta mzee naye ametafuta ya kwake. Ameitoa kwenye Datsun 180B iliyokufa huko Igoma, injini L18, maana hizi L za silinda nne kamshafti zake zinaingiliana. Ya kawaida kabisa ya kiwandani, imetulia, haijalika, tena alikuja na roka zake zote nane, vile vikono vinavyosukumwa na nundu ili vifungue valvu, kaziandika namba kwa chaki, kwa sababu roka iliyozoeana na nundu moja ukiihamishia nyingine zinatafunana. Akaziweka zote mbili kwenye benchi, yangu inang'aa, yake nyeusi ya oili.

"Hii gari unaenda nayo wapi kila siku?"

"Kazini, mzee. Sengerema. Navukia Kamanga."

Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akanieleza taratibu, mpaka leo sijasikia mtu akaielezea vizuri vile. Yangu imeandikwa nyuzi 290, maana yake valvu zinakaa wazi muda mrefu, injini ikiwa juu huko rpm 4,000 na kuendelea hewa inaingia kwa kasi na inauhitaji huo muda, hapo gari inaruka kweli. Ila ukiwa chini, valvu ya kuingiza na ya kutoa zinakuwa wazi pamoja kwa muda mrefu mno, moshi unarudi kuchanganyika na hewa mpya, sailensa, yaani mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta, haikai. "Huo mlio ulioununua ni injini inakohoa," akasema. Na servo ya breki inaishi kwa mvuto wa injini, mvuto ukipungua pedeli inakuwa ngumu, "sasa wewe unashuka kwenye kivuko, mbele yako kuna mama na ndoo ya dagaa."

Nikamwambia afunge yangu. Laki tatu na nusu ni hela, halafu nilikuwa na miaka ishirini na saba.

Hakubishana. Akachonga kabari ya mbao akaipigilia katikati ya cheni, maana ukitoa gia ya kamshafti bila kuizuia cheni, tenshena inayoikaza inachomoka na itabidi ufungue kava yote ya mbele. Akapanga kila kitu, kisha akaniuliza kama mke wangu anapaka rangi ya mdomo. Nikadhani utani. Nikaenda nyumbani nikachukua moja kwenye meza ya kioo bila kuaga, mzee akaipaka kwenye uso wa kila roka, akazungusha injini kwa spana mara mbili, akazitoa. Alama ya msuguano inatakiwa ikae katikati ya roka. Yangu ilikuwa imekimbilia ukingoni kabisa, kwenye moja imeshatoka nje. Kamshafti ya kuchongwa upya inakuwa imepunguzwa kiuno, kwa hiyo vile visahani vinavyokaa juu ya shina la valvu lazima viwe vinene zaidi, na jamaa wa Nairobi hakunitumia hata kimoja. Nikampigia. Simu inaita tu.

"Tufunge ya Igoma kwa muda," mzee akasema, "wewe ukitafuta visahani." Sawa, kwa muda. Safari hii rangi ikakaa katikati, akapima kiliransi, ile nafasi ya roka na nundu, injini ikiwa ya baridi, milimita 0.20 za kuingiza, 0.25 za ekzosi, akawasha. Kimya. Mi hata nilinuna.

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya Kamanga, jua kali, injini inanguruma pole pole haizimi, nikapanda kwenye kivuko kwa gia namba moja karibu bila kugusa mafuta, pedeli ya breki laini kama zamani.

Visahani sikuwahi kuvitafuta. Ile ya nyuzi 290 ipo chini ya kitanda, nimeifunga kwenye kanga yenye oili, na kanga yenyewe ni kesi nyingine, kwa sababu mke wangu mpaka leo anadai kanga na rangi ya mdomo kwa pamoja, na ile rangi anasema ilikuwa zawadi ya dada yake.