Kupanga Safari ya Siku Moja Wasini

Mjomba wangu wa Msambweni, ambaye amevua samaki tangu ujana wake, aliposikia kwamba nakusudia kwenda kisiwa cha Wasini, kusini mwa pwani ya Kenya, na kurudi Mombasa siku hiyo hiyo, hakuuliza nitaondoka saa ngapi. Aliuliza mwezi uko wapi. "Nenda wakati wa bamvua, mwanangu," akaniambia, "bahari ikupwe saa nne au saa tano za asubuhi. Maji mafu yatakuonyesha nini?" Bamvua ni siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida; maji mafu ni zile ambazo haikupwi sana.

Basi nilichagua Jumamosi iliyofuata mwezi mpevu, tena katika majira ya upepo wa kaskazi, kwa kuwa upepo wa kusi ukishika bahari huchafuka na safari ya mashua huwa ya mashaka. Nilivuka feri ya Likoni mara baada ya sala ya alfajiri, nikapanda matatu ya Lunga Lunga hadi Kanana, kisha bodaboda hadi Shimoni.

Wageni wengi hushuka hapo na kuelekea gatini moja kwa moja, jambo ambalo mimi naona ni hasara. Imperial British East Africa Company, kampuni ya biashara ya Waingereza iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, ilikuwa na kituo chake Shimoni, na ilipofika 1895 serikali ya Uingereza ikashika hatamu yenyewe. Nyumba ya mkuu wa wilaya ingalipo, pamoja na magofu ya jela. Katika kijiji hicho hicho limo pango la mawe ya matumbawe ambamo, kwa masimulizi ya wenyeji, watumwa walifungiwa wakingoja majahazi. Dola iliyojisifu kwa kukomesha utumwa haikuona tabu kujenga jela yake jirani na pango hilo, na kwa maoni yangu anayetaka kuuelewa ukoloni wa pwani aanzie hapo.

Mkondo unaotenganisha Shimoni na kisiwa huvukwa kwa muda mfupi. Wasini hakuna gari hata moja. Watu hupita kwa miguu katika vichochoro, na lugha ya kijijini ni Kivumba, ilhali wenzao wa Mkwiro, upande wa pili wa kisiwa, husema Kifundi, zote mbili lahaja za Kiswahili. Maji yalikuwa yamekupwa kama mjomba alivyosema, na kutoka kwenye daraja la mbao la kikundi cha kina mama wa kijiji, lililopita katikati ya mikoko, niliyaona majabali ya matumbawe yamesimama makavu, yametafunwa na bahari chini hata yakawa membamba kuliko vichwa vyake, na kaa wadogo wakikimbilia mashimo kila ubao ulipolia.

Chakula cha mchana kilikuwa wali wa nazi na kaa wa kuvunja kwa jiwe. Saa tisa nilikuwa mashuani tena, maana matatu za Kanana hupungua jioni, na foleni ya Likoni siku ya Jumamosi haina huruma na mtu.