Kutoka Dodoma hadi Manyoni, Kupitia Ukingo wa Bonde la Ufa

Niliomba kiti cha dirishani kwenye basi la Singida kwa sababu moja tu: nilitaka kuona tawi la mashariki la Bonde la Ufa linapofikia Ugogo, ambako linaanza kufifia. Tulipopita Bahi, nchi ilikuwa tambarare kabisa, majaruba ya mpunga upande mmoja na udongo wa kijivu wa mbuga upande mwingine, na mbele yetu, magharibi, ukaanza kuonekana ukingo mrefu wa Kilimatinde.

Ukingo wa namna hii ulizua mjadala kabla mtu yeyote hajashawishika kwamba mabara husogea. Mwaka 1891 Eduard Suess, mwanajiolojia wa Vienna ambaye hakuwahi kufika huku, alisoma taarifa za wasafiri akahitimisha kwamba Afrika Mashariki imepasuka kwa kuvutwa pande mbili. Miaka miwili baadaye John Walter Gregory, mwanajiolojia wa Uingereza, alifika Kenya, akayachunguza mabonde hayo kwa miguu, akaona kwamba ardhi ya katikati ilikuwa imetitia baina ya nyufa sambamba. Hata hivyo, Suess aliendelea kuamini kuwa dunia inapoa na kusinyaa, na ndani ya fikra hiyo mvutano mkubwa kiasi hicho ulikuwa mgumu kuelezeka.

Mzee aliyekaa kando yangu, mkulima wa Kintinku, aliponiona nikiandika aliniuliza ninatafuta nini. Nilipomweleza, alisema, "Mwanangu, hapa tetemeko likija, mabati hulia kwanza, kitanda ndipo kitikisike." Alishuka kwao, nasi tukaanza kupanda. Ukuta wa mlima uliochongwa kupisha barabara ulipita karibu sana na dirisha, nikaona granaiti yenye chembe za waridi na vipande vya ulanga vikimetameta, huku nyufa zikijaa udongo mwekundu.

Alfred Wegener, mwanasayansi wa Ujerumani aliyetangaza hoja yake kwamba mabara husogea mwaka 1912 na kuichapisha katika kitabu mwaka 1915, aliyataja mabonde yetu kama mwanzo wa bara kuachana. Wengi walimkataa kwa kuwa hakuweza kuonyesha nguvu inayosukuma mabara, na hilo nalihesabu kuwa swali la haki. Arthur Holmes, mwanajiolojia wa Uingereza, alilijibu kwa sehemu mwishoni mwa miaka ya 1920, aliposema kwamba joto la madini yenye mnururisho huufanya mwamba wa chini kabisa utiririke polepole mno. Bado Bailey Willis, mwanajiolojia Mmarekani aliyezuru Afrika Mashariki, alishikilia katika kitabu cha mwaka 1936 kwamba kingo hizi zimesukumwa juu kwa kubanwa. Watu wawili walitazama kuta zilezile, mmoja akasema zimevutwa, mwingine zimebanwa!

Jibu lilitoka baharini. Mwaka 1952 Marie Tharp, mchora ramani Mmarekani, akichora sakafu ya Atlantiki kutokana na vipimo vya kina, aliona bonde katikati ya safu ya milima iliyo chini ya maji. Mwenzake Bruce Heezen alilipuuza mwanzoni, lakini vitovu vya matetemeko vilipochorwa kwa kipimo kilekile vilifuata bonde hilo, na umbo lake lilifanana na la Afrika Mashariki. Mwanajiolojia Harry Hess alieleza mwaka 1962 jinsi sakafu mpya inavyozaliwa hapo, na mwaka uliofuata Fred Vine na Drummond Matthews wakaonyesha kwamba mistari ya sumaku, yaani milia ya miamba iliyohifadhi mwelekeo wa sumaku ya dunia ilipoganda, iliyo kwenye sakafu hiyo inaweza kuthibitisha jambo hilo. Ndipo hoja ya Suess kuhusu mvutano ikapata mahali pake, ingawa dunia yake inayosinyaa iliachwa.

Manyoni tulifika mchana. Mji huu umekaa juu ya miamba yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5, minene na migumu kiasi kwamba ufa umeshindwa kuikata katikati, ukaizunguka: tawi moja magharibi kupitia Ziwa Tanganyika, jingine hili la mashariki. Setilaiti leo hupima kuachana kwa bamba la Nubia na la Somalia, vipande viwili vikubwa vya gamba la dunia vilivyo magharibi na mashariki ya ufa, milimita chache kila mwaka.