Msongo wa mawazo huleta IBS, au huiamsha tu?

Mgonjwa wa tumbo katika nchi yetu hupitia majina mengi kabla ya kufikishwa kwenye jina sahihi. Kwanza huambiwa ana amiba, kisha taifodi, kisha vidonda vya tumbo, na nyumbani wazee huongeza kwamba huo ni mchango unaohitaji mizizi. Kila jina huja na dawa yake, na kila dawa hutuliza kwa wiki mbili tatu, kisha mambo hurudi palepale. Nilipomaliza mzunguko huo, na vipimo vyote, pamoja na kile cha kuingiziwa kamera kwenye utumbo mpana, vikatoka safi, daktari aliniambia ni IBS, akafunga faili langu akasema, “Punguza mawazo, mama.” Mawazo ninayo, sikatai. Kilichonikera ni kwamba maneno hayo yalitamkwa kama jibu, ilhali yalikuwa yanafungua swali: je, mawazo ndiyo yaliyoniletea ugonjwa huu, au ugonjwa ulikuwapo tayari na mawazo huuchokoza tu?

IBS, kifupi cha jina la Kiingereza irritable bowel syndrome, ni hali ambayo utumbo, ukitazamwa kwa kamera, hauonyeshi kidonda wala uvimbe, lakini unauma na haufanyi kazi kwa utaratibu. Kwa mujibu wa vigezo vya Roma, ambavyo madaktari huvitumia kuutambua ugonjwa huu, katika toleo la mwaka 2016, mgonjwa awe na maumivu ya tumbo angalau siku 1 kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, dalili ziwe zimeanza si chini ya miezi 6 nyuma, na maumivu yaambatane na walau mawili kati ya haya matatu: kwenda haja, kubadilika kwa idadi ya safari za chooni, na kubadilika kwa choo chenyewe. Msongo wa mawazo haumo popote katika vigezo hivyo. (Damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, upungufu wa damu, au kuharisha kunakomwamsha mtu usiku ni habari nyingine, na mwenye dalili hizo asikubali kuambiwa apunguze mawazo kabla hajachunguzwa.)

Kwamba msongo huamsha dalili, hilo halina ubishi. Katika miaka ya 1940, daktari Thomas Almy wa New York alikuwa akiutazama utumbo mpana wa mwanafunzi wa udaktari kwa kifaa cha kuchungulia, na kwa makusudi akamfanya kijana aamini kwamba ameonekana na saratani. Utumbo ulijikaza palepale mbele ya macho yake, ukageuka rangi kwa damu iliyoujaa; alipoambiwa ukweli, ukalegea. Leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingeruhusu mzaha wa namna hiyo, lakini nadhani watu wengi wanaousimulia huchukua nusu yake tu. Utumbo wa kijana yule ulirudi katika hali yake. Hofu iliubana kwa dakika chache na haikumwachia ugonjwa, kwa hiyo jaribio lile linaeleza tumbo langu la asubuhi ya safari bila kueleza kwa nini mimi nina IBS na jirani yangu, mwenye madeni kuliko mimi, hana.

Ushahidi mzito zaidi kuhusu mwanzo wa ugonjwa ulitoka Walkerton, mji mdogo wa Ontario, Kanada. Mwezi Mei mwaka 2000 mvua kubwa zilisomba samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima cha maji ya mji, na bakteria wa aina ya E. coli na Campylobacter wakaingia mabombani. Watu wapatao 2,300 waliugua na 7 walifariki. Watafiti waliowafuatilia wakazi miaka miwili hadi mitatu baadaye walikuta dalili za IBS kwa takriban mtu 1 kati ya 10 miongoni mwa wale ambao hawakuugua, lakini kwa zaidi ya robo ya wale waliougua. Na kadiri kuharisha kulivyochukua siku nyingi, ndivyo hatari ilivyoongezeka. Hapo mwanzilishi ni mdudu. Ukiishi mahali ambapo kipindupindu na homa ya matumbo si hadithi, matokeo hayo yanakugusa moja kwa moja, na binafsi naona ajabu kwamba daktari wetu huuliza habari za ndoa na kazi kabla ya kuuliza kama tumbo lilianza baada ya kuharisha kukali.

Hata hivyo, wengi wa waliougua Walkerton walipona kabisa. Nini kiliwatenga na wenzao? Sheffield, Uingereza, katika miaka ya 1990, wagonjwa waliolazwa kwa kuharisha waliulizwa kuhusu hali yao ya akili wakiwa bado wodini, kabla mtu yeyote hajajua nani atapona. Waliobaki na IBS ndio waliokuwa wamepitia misukosuko mingi zaidi ya maisha na wenye wasiwasi mkubwa zaidi juu ya afya zao. Lakini vilevile ndio ambao kuta za utumbo wao zilionyesha chembe nyingi zaidi za uvimbe mdogo usioonekana kwa kamera. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Homoni za msongo hufika hadi kwenye chembe za kinga zilizo ukutani mwa utumbo, chembe hizo humwaga histamini karibu na neva, na neva hujifunza kuhisi maumivu pale ambapo zamani zilihisi gesi tu. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: msongo peke yake hauleti IBS kwa wagonjwa wengi, lakini kumwita mchokozi tu ni kumpunguzia mashtaka, kwa sababu akiwapo siku utumbo unapojeruhiwa, anashiriki kuamua kama jeraha litapona.

Kisha kuna njia ya pili, ile ya tumbo kuelekea kichwani. Utafiti wa Australia uliofuatilia watu kwa miaka 12 na kutolewa mwaka 2012 ulikuta kwamba wenye wasiwasi mwanzoni walikuwa katika hatari zaidi ya kupata magonjwa ya namna hii ya tumbo, lakini pia kwamba waliokuwa na tumbo bovu na akili tulivu walizidi kupata wasiwasi na sonona miaka ilivyokwenda. Sishangai. Basi likiwa kati ya Segera na Chalinze, na kondakta ameshatangaza kwamba hakuna kuchimba dawa hadi mbele, mimi huwa nimeshika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili na jasho linanitoka. Anayeniona hapo atasema nina wasiwasi, na atakuwa sahihi, ila wasiwasi huo umefundishwa na tumbo.

Kwa upande wa matibabu, suala hili lina madhara ya kweli. Tiba ya mazungumzo, na ile ya kumwongoza mgonjwa kwenye utulivu mzito (hypnosis) ambayo daktari Peter Whorwell wa Manchester, Uingereza, aliijaribu na kuchapisha matokeo yake mwaka 1984, husaidia wengi, na mafanikio hayo hayathibitishi kwamba ugonjwa ulitoka kichwani, kwani tiba hizo hutuliza mawasiliano kati ya ubongo na utumbo bila kujali kasoro ilianzia upande gani. Ni vivyo hivyo kwa amitriptyline, dawa ambayo wengi wakisoma karatasi yake na kukuta ni ya sonona huirudisha dirishani. Jaribio la Uingereza lililotolewa mwaka 2023, lenye wagonjwa 463, lilionyesha kwamba inashinda kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa ndani yake katika kupunguza dalili za IBS. Dozi iliyotumika ilikuwa miligramu 10 hadi 30 kwa siku, chini sana ya ile ya kutibu sonona, na daktari anayeiandika anapaswa kumweleza mgonjwa hivyo kabla hajafika duka la dawa.