Kabla ya kununua jengo lililowahi kuwa drai klina

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1980 iitwayo CERCLA humbana mmiliki wa sasa wa kiwanja chenye sumu hata kama hakumwaga tone. Aliyemiliki wakati sumu ikimwagwa, aliyeagiza taka zitupwe na msafirishaji aliyechagua jaa nao wamo. Madhara yasipogawanyika, mmoja wao anaweza kudaiwa gharama yote ya kusafisha.

Majengo ya drai klina, yaani ya kusafishia nguo kwa dawa badala ya maji, ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Dawa yake, perkloroethilini, ni nzito kuliko maji: hupenya nyufa za sakafu na viungio vya mabomba ya majitaka, huzama hadi maji ya ardhini, kisha mvuke wake hupanda na kuingia ndani ya jengo.

Kinga ya mnunuzi dhidi ya madai haya ipo tangu 2002, ila uchunguzi wa kiwanja kuhusu sumu lazima ufanyike ndani ya mwaka mmoja kabla ya kumilikishwa. Mahojiano, ukaguzi wa eneo na upekuzi wa rekodi za serikali viwe vimefanywa si zaidi ya siku 180 kabla ya siku hiyo. Hapa ndipo wengi hukwama: mkopo wa benki ukichelewa, ripoti inapitwa na wakati. Ukishanunua, chukua hatua za maana kuzuia uvujaji unaoendelea. Ukiuachia, kinga unaipoteza.